Kurudi Jeshini Baada ya Kuachishwa: Askari wa Zamani na Ujenzi wa Jeshi Jipya Kigali, 1993–2012

Ikisiri

Historia nyingi za majeshi ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu hueleza namna askari wanavyoandikishwa na wanavyopigana. Ni chache zinazoeleza kinachotokea pale askari anapovuliwa sare kabla ya wakati wake, kisha akataka kuivaa tena. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kuangalia mji wa Kigali tangu Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 hadi kufungwa kwa mahakama za gacaca mwaka 2012. Yanajadili makundi matatu: askari wa jeshi la zamani la FAR ambao jeshi lao lilisambaratika Julai 1994, askari wa RPA walioachishwa na serikali yao wenyewe kuanzia mwaka 1997, na wapiganaji waliorudi kutoka misitu ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba Mkataba wa Arusha ulishughulikia urejeo jeshini kama mgao wa asilimia baina ya pande mbili, ilhali utaratibu uliofuata baada ya 1994 uliufanya kuwa suala la mtu mmojammoja. Mabadiliko hayo yalilisaidia jeshi jipya lisigawanyike, lakini yaliwaacha nje watu wengi ambao hawakuwa na chochote cha kuomba isipokuwa kazi waliyoijua.

Maneno msingi: kuachishwa jeshini, ingando, FAR, RPA, Jeshi la Akiba, Kigali

1. Utangulizi

Askari anayestaafu kwa umri huondoka jeshini akiwa na hati, malipo ya uzeeni na heshima ya mzee aliyemaliza kazi. Anayeachishwa mapema huondoka na nguvu zake zote, ujuzi wa silaha, na mara nyingi bila ardhi wala ufundi mwingine. Kwa hiyo swali la kurudi jeshini haliwezi kuchukuliwa kuwa matamanio ya mtu binafsi tu. Ni swali la kisiasa, kwa kuwa serikali inayomkataa askari wa zamani inalazimika kujua ataishi wapi na atamtii nani.

Kigali ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Kwa miaka mingi mji huo ulizungukwa na kambi: Kambi Kigali katikati ya mji, Kanombe karibu na uwanja wa ndege, Kimihurura walikokaa walinzi wa rais, na Kacyiru palipokuwa na jandarmeri. Katika muda usiozidi miaka kumi, kambi hizo zilibadilisha wenyeji, jina la jeshi na lugha iliyotumika ndani yake. Baadhi ya watu waliotoka humo wakikimbia Julai 1994 walirudi wakiwa na vyeo vyao. Wengine walirudi miaka kumi baadaye wakitokea msituni. Wengine hawakurudi kabisa. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi milango hiyo ilivyofunguliwa na kufungwa, na sababu zake.

2. Arusha 1993: asilimia za jeshi na hofu ya kuachishwa

Vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990 viliikuta FAR ikiwa jeshi dogo lenye askari wapatao elfu chache. Serikali ya Rais Juvénal Habyarimana iliandikisha vijana kwa haraka, na katika miaka miwili jeshi hilo lilikuwa limekua mara kadhaa. Wengi wa walioandikishwa walikuwa vijana wa vijijini waliopata mafunzo ya majuma machache. Kwao sare ilikuwa mshahara wa kwanza maishani, sabuni, chakula cha kila siku, na hadhi ambayo shamba dogo la baba lililogawanywa kwa ndugu wengi lisingeweza kuwapa.

Mazungumzo ya Arusha yalipoanza mwaka 1992, habari kwamba amani ingemaanisha kupunguzwa kwa jeshi zilifika kambini kabla ya mkataba wenyewe. Mwezi Mei mwaka huo askari waliasi katika miji ya kaskazini, Gisenyi na Ruhengeri, wakapora maduka na kuua raia. Maasi hayo yalizimwa, lakini yalitoa onyo ambalo wajumbe wa Arusha hawakulipatia dawa ya kutosha: kwa askari asiye na kwa kwenda, neno amani lilisikika kama neno kufukuzwa.

Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993 uliweka jeshi la pamoja lenye watu 19,000, yaani 13,000 wa jeshi na 6,000 wa jandarmeri. Upande wa serikali ulipewa asilimia 60 ya askari wa kawaida na RPF asilimia 40. Nafasi za uongozi ziligawanywa nusu kwa nusu. Hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila aliyeweza kujumlisha. Ukichukua FAR, jandarmeri na jeshi la RPA kwa pamoja, zaidi ya nusu ya waliobeba silaha wangelazimika kuziweka chini na kuondoka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mkataba ulihesabu pande mbili, haukuhesabu watu. Haukueleza kwa undani nani angebaki na nani angetoka, wala kama aliyetoka angeweza siku moja kuomba kurudi. Pengo hilo lilijazwa na wanasiasa wa msimamo mkali, waliowaambia askari kwamba maafisa wao walikuwa wameuzwa Arusha. Si sahihi kusema kwamba hofu ya kuachishwa kazi ndiyo iliyoleta mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mauaji hayo yalipangwa kwa itikadi na kwa maamuzi ya kisiasa. Hata hivyo, walioyapanga walikuta kambini kundi kubwa la vijana walioamini kwamba amani ingewanyima riziki, nao walijua kulitumia.

3. Julai 1994: kuachishwa bila hati

Kigali ilitwaliwa na RPA tarehe 4 Julai 1994. Katika majuma yaliyofuata sehemu kubwa ya FAR ilivuka mpaka kuingia Zaire pamoja na umati wa raia unaozidi milioni moja, ikabeba silaha na kupiga kambi karibu na Goma na Bukavu. Kisheria, jeshi hilo halikuwahi kuvunjwa kwa gwaride la mwisho wala kwa hati za kuruhusiwa. Askari wake hawakustaafu, hawakufukuzwa, hawakujiuzulu. Jeshi liliwaponyoka mikononi, nao wakabaki wakiitwa kwa jina jipya lenye neno moja zaidi: FAR wa zamani.

Si wote waliovuka mpaka. Mwanzoni mwa Julai maafisa kadhaa waliokuwa Kigeme, katika mkoa wa Gikongoro, walitoa tamko la kujitenga na serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji. Miongoni mwao walikuwa Léonidas Rusatira na Marcel Gatsinzi. Historia ya Gatsinzi inaonyesha vema ugumu wa suala hili. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 1994, baada ya Mnadhimu Mkuu Déogratias Nsabimana kufa katika ndege ya rais, Gatsinzi, aliyekuwa akiongoza shule ya maafisa wadogo mjini Butare, aliteuliwa kukaimu nafasi hiyo. Hakuikalia hata majuma mawili. Waliokuwa na nguvu halisi walimwondoa na kumweka Augustin Bizimungu. Kwa maneno mengine, Gatsinzi alikwisha kuondolewa katika uongozi wa jeshi lake kabla jeshi lenyewe halijashindwa.

Baada ya Julai aliingia katika RPA. Mwaka 1995 akawa Naibu Mnadhimu Mkuu, kisha akaongoza jandarmeri, na kuanzia mwaka 2002 hadi 2010 akawa Waziri wa Ulinzi. Njia aliyoipita haikuwa laini. Mwaka 2005, akiwa waziri, aliitwa mbele ya gacaca ya Butare kueleza yaliyotokea katika shule aliyoiongoza. Tukio hilo lilionyesha kanuni ambayo serikali ilitaka ionekane: kupokewa tena jeshini hakukumaanisha kusamehewa kila swali.

Kwa wengine mlango ulifungukia pande zote mbili. Rusatira alipokewa Kigali, lakini mwishoni mwa mwaka 1996 aliondoka nchini akaenda uhamishoni. Emmanuel Habyarimana, afisa mwingine wa FAR, alipanda hadi kuwa Waziri wa Ulinzi mwaka 2000, akaondolewa mwaka 2002, na mwaka uliofuata akakimbilia Uganda. Kwa hiyo wanahistoria wanaohesabu waliorudi peke yao hupata picha pungufu. Kurudi jeshini kulikuwa mwanzo wa mtihani, na si kila aliyeuanza aliumaliza.

4. Ingando: kupimwa mmojammoja

Chombo kilichotumiwa kuwapokea askari wa zamani kilikuwa ingando. Katika Kinyarwanda neno hili lina mizizi ya kijeshi: ni kambi ya muda ya watu walio safarini au vitani. Baada ya 1994 lilipewa maana mpya ya mafunzo ya uraia na mshikamano. Ingando ya kwanza iliyokusudiwa askari wa FAR ilifanyika Gako, katika eneo la Bugesera kusini mwa Kigali. Humo askari wa majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana miezi michache kabla walilala katika mahema jirani, wakafundishwa historia ya nchi, sababu za vita na kanuni za jeshi jipya.

Tofauti kati ya Gako na Arusha ni kubwa. Arusha ilitaka kuunganisha vikosi. Gako ilipokea watu. Hakuna batalioni ya FAR iliyoingia RPA ikiwa na kamanda wake, bendera yake na silaha zake. Kila askari aliingia peke yake, akahojiwa, akachunguzwa mwenendo wake wakati wa mauaji ya kimbari, kisha akapelekwa katika kikosi ambacho hakukijua. Maafisa kwa kawaida walihifadhi vyeo vyao, jambo lililowashangaza wengi, lakini hawakuhifadhi watu waliokuwa chini yao. Kufikia mwaka 1997 zaidi ya askari 10,000 wa zamani walikuwa wameunganishwa kwa njia hiyo.

Kwa nini washindi walifanya hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Jeshi lililotokana na wakimbizi waliokulia Uganda lisingeweza kudai kuwa jeshi la taifa bila kuwapokea waliozaliwa na kukulia nchini. Sababu ya pili ni ya kivita. Kambi za Zaire zilipovunjwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi kurejea mwezi Novemba 1996, askari wengi wa zamani walirudi wamejichanganya na raia. Mwaka 1997 na 1998 mashambulizi ya wale walioitwa abacengezi yaliitikisa mikoa ya Ruhengeri na Gisenyi. Serikali ilikuwa na chaguo la kuwaacha askari hao kijijini, ambako wapiganaji wangewafuata usiku kuwaandikisha tena, au kuwaita yenyewe. Wito wa Kigali ulishindana na wito wa msituni, na wote wawili ulimlenga mtu yuleyule.

Sababu ya tatu haisemwi sana lakini ina uzito. Askari wa FAR waliopokewa na kutumwa kaskazini waliijua milima hiyo, waliwajua watu wake, na waliweza kuzungumza na familia za waliokuwa msituni. Mwana aliyeonekana na wanakijiji wenzake akiwa hai, amevaa sare ya serikali na kulipwa mshahara, alikuwa hoja ambayo hotuba isingeweza kuifikia.

5. Tume ya mwaka 1997 na walioachishwa na washindi

Wakati huohuo serikali iliyokuwa ikipokea askari wa zamani ilikuwa ikiwaachisha askari wake. Mwaka 1997 iliundwa tume maalumu ya kuwaondoa askari jeshini na kuwarejesha uraiani, ijulikanayo kwa kifupi RDRC, yenye makao yake Kigali, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Jean Sayinzoga. Katika awamu ya kwanza, iliyoendelea hadi mwaka 2001, askari wapatao 18,000 wa RPA waliachishwa. Awamu ya pili ilifuata, ikisaidiwa na mpango wa kanda ulioratibiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2002, uliohusisha nchi saba zikiwemo Burundi, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mgongano ulikuwa dhahiri. Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vilianza, na jeshi lililokuwa likipunguzwa likajikuta likihitaji watu. Walioachishwa waliona wenzao wakipelekwa mbele huku wao wakiwa wamekabidhiwa malipo ya kuanzia maisha na kurudishwa vijijini. Wengi wao walikuwa wameingia vitani wakiwa vijana wadogo. Baadhi waliitwa kadogo, neno la Kiswahili lililovuka mipaka kutoka Uganda hadi Kongo, na waliokuwa chini ya umri waliondolewa jeshini kupelekwa shuleni. Hao walipaswa kujifunza utoto baada ya vita.

Kilichowavuta walioachishwa kutamani kurudi kinaeleweka zaidi kikiangaliwa kwa hesabu ya maisha ya kila siku. Mwaka 1997 ilianzishwa Zigama, taasisi ya akiba na mikopo ya wanajeshi, iliyomwezesha askari wa cheo cha chini kukopa fedha za kujenga nyumba au kumsomesha mtoto. Baadaye bima ya matibabu ya wanajeshi iliimarishwa. Mshahara wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wa uhakika, na mikopo hiyo ilisimama juu ya uhakika huo. Aliyetoka jeshini hakupoteza mshahara tu. Alipoteza sifa ya kukopesheka.

Agosti 2004 jambo jingine liliongezeka. Rwanda ilipeleka kikosi chake cha kwanza Darfur chini ya Umoja wa Afrika, na kuanzia hapo ulinzi wa amani ukawa sehemu ya kudumu ya kazi ya jeshi. Posho za ulinzi wa amani zilibadilisha maana ya utumishi. Askari aliyeachishwa mwaka 2002 au 2003 aliweza kuona mwenzake wa zamani akirudi kutoka Sudan na kuezeka nyumba kwa mabati mapya. Katika miaka ya tisini kurudi jeshini kulimaanisha kurudi vitani. Baada ya mwaka 2004 kulimaanisha pia nafasi ya kiuchumi. Ombi lilibaki lilelile, lakini sababu yake ilikuwa imegeuka.

Jibu la serikali kwa kundi hili lilikuwa Jeshi la Akiba. Sheria ya mwaka 2002 iliyobadilisha RPA kuwa Majeshi ya Ulinzi ya Rwanda, yaani RDF, ilikuja wakati taifa lilipokuwa likitafuta namna ya kuwa na jeshi dogo la kudumu bila kupoteza ujuzi wa waliotoka. Askari wa akiba huitwa Inkeragutabara, jina lenye kubeba kitenzi gutabara, yaani kwenda kuokoa. Wameonekana katika ulinzi wa mitaa na katika ujenzi, zikiwemo nyumba za manusura wa mauaji ya kimbari. Kwa mtu aliyeachishwa, akiba ilikuwa mlango wa nusu: haikumrudishia maisha kamili ya kambi, lakini ilimrudishia jina, nidhamu na wito. Katika jamii ambamo walioachishwa waliitwa kwa mkato abademobe, neno lililotoholewa kutoka lugha ya kigeni na kusikika kama jina la kitu kilichovunjwa, tofauti kati ya majina hayo mawili haikuwa ndogo.

6. Kutoka msituni: Mutobo na wachache walioteuliwa

Kundi la tatu ni la wapiganaji waliobaki Kongo, wengi wao wakiwa chini ya FDLR iliyoundwa mwaka 2000. Kuanzia mwaka 2001 waliorudi walipokewa katika kituo cha Mutobo, kaskazini mwa nchi karibu na mji wa Ruhengeri, ambao sasa unaitwa Musanze. Kwa nje Mutobo ilifanana na Gako: mafunzo, mahojiano, historia ya nchi. Mwisho wake ulikuwa tofauti. Gako iliishia katika sare. Mutobo, kwa walio wengi, iliishia katika kitambulisho cha uraia, malipo ya kuanzia maisha, na safari ya kurudi kijijini.

Tofauti hiyo ina maelezo ya kihistoria. Mwaka 1995 serikali ilihitaji kuonyesha kwamba jeshi lake ni la wote, na ilihitaji watu. Miaka kumi baadaye jeshi lilikuwa limekwisha kuunganishwa na lilikuwa likipungua. Askari aliyechelewa kurudi alikuta nafasi zimejaa. Aidha, wengi waliofika Mutobo walikuwa hawajawahi kuwa askari wa FAR. Walikuwa wameandikishwa wakiwa watoto katika kambi za wakimbizi au kuzaliwa huko. Hao hawakuwa na jeshi la kurudia.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa kwa viongozi. Novemba 2003 Paul Rwarakabije, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji wa FDLR na kabla ya hapo afisa wa FAR, alirudi Kigali pamoja na wapiganaji wapatao mia moja. Aliingizwa katika RDF kwa cheo cha Meja Jenerali, akawa mmoja wa makamishna wa tume ileile iliyowapokea waliorudi, na mwaka 2011 akateuliwa kuongoza idara ya magereza. Jérôme Ngendahimana, naye aliyetoka katika uongozi wa wapiganaji hao, alipanda hadi kuwa jenerali na naibu mkuu wa Jeshi la Akiba.

Teuzi hizo zilikuwa na kazi mbili. Kwanza, zilikuwa ujumbe kwa makamanda waliobaki msituni kwamba kurudi hakukumaanisha kifungo au aibu. Pili, ziliwaweka waliorudi mahali ambapo uzoefu wao ungetumika bila wao kukabidhiwa vikosi vya mapambano. Hapa pana ukosefu wa usawa unaostahili kutajwa waziwazi. Jenerali aliyepigana na serikali kwa miaka kadhaa alipata cheo, huku askari wa kawaida aliyeipigania serikali hiyo na kuachishwa mwaka 1998 akibaki kijijini akisubiri zamu ya akiba. Siasa ya amani huona thamani ya wanaoweza kuendeleza vita; mwaminifu asiye na bunduki hana cha kubadilishana. Gharama hiyo ililipwa na watu wa chini, na historia ya upatanisho haikamiliki isipowataja.

7. Lugha ya kambi

Kwa wanaochunguza Kiswahili, kurudi jeshini Kigali kuna upande mwingine. FAR ilirithi kutoka Ubelgiji utamaduni wa kijeshi wa Kifaransa, na maafisa wake wengi walisoma katika lugha hiyo. RPA ilitoka Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya askari tangu enzi ya King's African Rifles. Aliyetoka jeshi la kwanza na kuingia la pili alilazimika kujifunza si tu kanuni mpya bali pia maneno mapya ya heshima. Afande ndilo lililo maarufu zaidi: neno lenye asili ya Kituruki, lililopita Misri na Sudan, likaingia katika majeshi ya Afrika Mashariki na hatimaye kupanda milima ya Rwanda.

Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa kwa Kigali. Mtaa wa Nyamirambo ulikuwa na wasemaji wake tangu enzi ya ukoloni. Lakini hapo kilihesabiwa kuwa lugha ya wafanyabiashara na Waislamu. Jeshi jipya lilikipa sura ya mamlaka. Kwa askari wa zamani, kulitamka neno afande kwa usahihi kulikuwa ishara ya nje kwamba amehama. Na kwa kuwa si lugha ya mama ya upande wowote, Kiswahili kiliweza kusikika kama lugha ya kambi na si ya kundi fulani. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ilikuta maelfu ya raia wake, wengi wao askari waliotoka, wakiwa wamekwisha kujifunza msamiati wake kwa amri na kwa wimbo wa mchakamchaka.

8. Ulinganisho wa kikanda

Tajiriba ya Kigali inaeleweka zaidi ikilinganishwa na nyingine. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR wakitumia sehemu kubwa ya askari waliokuwa wa jeshi la Wajerumani. Dola ya kikoloni haikuuliza askari aliamini nini. Ilinunua ujuzi wake. Tanganyika, baada ya maasi ya Januari 1964, ilichagua njia iliyo kinyume. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na jeshi jipya lililoundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo lilijengwa kwa vijana waliotoka hasa katika Umoja wa Vijana wa TANU. Huko mlango wa kurudi ulikuwa mwembamba kwa makusudi, na taifa liliweza kuumudu wembamba huo kwa sababu waliotoka walikuwa wachache na nchi haikuwa vitani.

Burundi ilifuata njia ya uwiano. Katiba ya mwaka 2005 iliweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, kanuni iliyo karibu na hesabu za Arusha 1993. Kongo, kwa upande wake, ilitoa onyo. Wapiganaji wa CNDP walioingizwa katika jeshi la taifa mwaka 2009 waliingia wakiwa bado na uongozi wao wa ndani, na mwaka 2012 wengi wao walitoka tena kwa jina la M23. Waliingia kwa kundi, wakatoka kwa kundi.

Mifano hii inathibitisha kwamba suala si kama askari wa zamani arudishwe au asirudishwe, bali arudi kama nani. Anayerudi kama sehemu ya kikosi chake huleta pia kiapo chake cha zamani. Anayerudi peke yake huanza na kiapo kipya, lakini huwa dhaifu mbele ya taasisi inayompokea. Hana wa kumsemea akikosewa. Utaratibu wa Kigali ulichagua udhaifu huo wa mtu binafsi kuwa bei ya umoja wa jeshi.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kurudi jeshini baada ya kuachishwa kulikuwa uzi unaoziunganisha siasa, uchumi na lugha ya Rwanda baada ya 1993. Mkataba wa Arusha uliwahesabu askari kwa asilimia na kuwaacha waliozidi bila jibu. Utaratibu wa ingando uliwapokea mmojammoja, ukawachuja, na ukaunda jeshi ambalo halikugawanyika kwa mistari ya majeshi mawili yaliyolizaa. Tume ya mwaka 1997 ilitoa kile ambacho FAR haikuwahi kupata: utaratibu wa kuondoka wenye hati, malipo na orodha. Jeshi la Akiba lilitambua kwamba kuondoka huko hakukuwa kamili.

Mafunzo mawili yanaweza kutolewa kwa nchi za kanda ambazo bado zinapunguza majeshi. La kwanza ni kwamba mkataba wa amani unaotaja idadi ya watakaobaki bila kueleza njia ya watakaotoka, na masharti ya kurudi kwao, huacha kazi nusu. Nusu iliyobaki humaliziwa na wengine, na mara nyingi kwa mtutu. La pili ni kwamba malipo ya mara moja hayalingani na kile askari anachopoteza, kwa kuwa kilicho kikubwa zaidi ni uhakika wa kesho na jina la kuitwa. Penye jina la heshima na kazi ya kufanya, askari aliyevua sare anaweza kukaa nje ya kambi bila kuwa nje ya taifa. Utafiti ujao hauna budi kuwageukia wale ambao nyaraka za tume huwaorodhesha kwa namba tu, yaani askari wa vyeo vya chini walioomba kurudi wasikubaliwe, ili historia ya jeshi jipya isiandikwe na majenerali peke yao.